Masta ya ustawi wa jamii ukiwa kazini Dar: mafunzo kwa vitendo unayafanya saa ngapi?

Mdau wa Mbagala

Habari za jioni wakuu. Nina shahada ya sosholojia, GPA 3.1. Nimeajiriwa kwenye shirika lisilo la kiserikali Temeke kama mtunza takwimu za miradi, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Nataka kusoma masta ya ustawi wa jamii bila kuacha kazi. Madarasa ya jioni na wikiendi sina shida nayo, kinachonitatiza ni vitendo: ofisi za serikali saa 9:30 alasiri zimefunga. Naruhusiwa kuvifanyia hapa hapa kazini? Na nijipangie miaka mingapi? Jibu la "inawezekana, komaa tu" nimeshalipata kwa wengi, naomba hesabu.

Kigogo Mwisho

Mkuu, GPA haikuzuii. Kiwango cha chini cha kuingilia masta ni 2.7 kati ya 5. Sosholojia ni fani jirani, lakini soma prospektasi mstari kwa mstari, maana kuna programu zinazomtaka asiyesoma ustawi wa jamii aanze na kozi za msingi: kumhudumia mtu mmoja mmoja, kikundi na jamii. Hizo ni ada na muda wa ziada ambao tangazo la udahili halikutajii.

Hakikisha pia programu yenyewe imeidhinishwa, usiishie kwenye jina la chuo. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama iko chini ya NACTVET (Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi), na masta kwao ni ngazi ya 9. Chuo Kikuu Huria na vyuo vikuu vingine viko chini ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Ukivutiwa na chuo cha nje kinachofundisha mtandaoni, waulize TCU kuhusu utambuzi wa tuzo hiyo kabla hujalipa. Na mtandao hauondoi vitendo: Marekani masta iliyoidhinishwa inadai saa 900 za vitendo kituoni, hata kama mihadhara yote unaisikiliza sebuleni.

Hesabu sasa. Kwa mfumo wa TCU masta ni krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, kusoma, kuandika, vitendo, tasnifu. Jumla saa 1,800. Ukiwa na wiki 40 za masomo kwa mwaka, kumaliza miaka miwili ni saa 22 na nusu kila wiki. Miaka mitatu ni saa 15. Kwa mtu anayetoka kazini saa 11 kisha apande daladala kuvuka mji, mimi naona mitatu ndiyo yenye ukweli.

Ukipunguza kozi kwa muhula, usipunguze mbinu za utafiti. Kama inafundishwa mara moja kwa mwaka na ukaiacha mwaka wa kwanza, proposo nzima (pendekezo la utafiti wa tasnifu) inasogea mwaka mzima.

Bi. Tandika

Nijibu la vitendo, hapo ndipo wafanyakazi wengi wanapokwama.

Kufanyia kazini vyuo vingi vinakubali kwa masharti, na masharti yana maana yake. Idara iwe tofauti na yako, wateja wawe wapya kwako, na msimamizi wa kituo asiwe bosi wako wa kila siku. Anayeandika tathmini yako ya ajira hawezi pia kupima ulivyokosea mbele ya mteja, utamficha makosa. Msimamizi huyo awe na taaluma ya ustawi wa jamii. Wewe ni wa takwimu, kwa hiyo kuendelea kujaza majedwali ukayaita vitendo hakutakubalika. Omba kitengo cha kushughulikia mashauri ya watoto au familia, kama shirika lenu linacho.

Mkataba wa mafunzo usainiwe kabla ya siku ya kwanza na watu watatu: wewe, msimamizi wa kituo, msimamizi wa chuo. Uonyeshe siku, saa, kazi utakazofanya na saa moja ya usimamizi kila wiki. Saa ulizofanya kabla ya sahihi hizo usitegemee kuhesabiwa.

Tuseme chuo kinataka saa 400. Kwa saa 8 kwa siku ni siku 50, yaani wiki 10. Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28 mfululizo, na humo Jumamosi na Jumapili zimo, hivyo siku za kazi ni 20 tu: saa 160. Zinabaki 240, ambazo ni Jumamosi 30. Ndiyo maana vitendo vya mwanafunzi wa jioni havitoshi muhula mmoja.

Kigogo Mwisho

Kwani asitafute kituo cha wikiendi kwa saa zote 400, likizo apumzike? Makao ya watoto na wodi za hospitali hazifungi.

Bi. Tandika

Saa zitatimia, ujuzi je? Jumamosi kwenye makao ni kufua, kula na michezo. Meneja hayupo, mafaili yamefungiwa, kikao cha shauri hakikaliwi. Mtu anamaliza hajawahi kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya mahakama, na hiyo ni kazi ya afisa ustawi chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009.

Likizo aitumie kwa vinavyofanyika siku za kazi: ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa, Mahakama ya Watoto Kisutu, vikao na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto. Jumamosi azipeleke hospitalini au kwenye makao, akiwa na kazi maalumu, kwa mfano kikundi cha vijana anachokiongoza mwenyewe kuanzia kikao cha kwanza hadi cha kufunga. Huduma ya simu ya mtoto, namba 116, inapokea simu usiku na mchana, kwa hiyo aulize kama wanapokea wanafunzi zamu za jioni.

Na daftari la vitendo lijazwe siku ileile. Likijazwa mwisho wa mwezi linajulikana tu: wino mmoja, sentensi zilezile, msimamizi anakataa kusaini.

Mdau wa Mbagala

Ahsante sana dada, hesabu ya Jumamosi 30 imenifungua macho. Mashauri ya kazini naweza kuyatumia kwenye insha za darasani na tasnifu?

Mwanakurasini

Insha, ndiyo, kwa ruhusa ya shirika na ukiondoa kila kinachomtambulisha mteja. Kubadili jina peke yake hakutoshi. "Binti wa miaka 14, mtaa fulani, baba dereva wa bajaji" mtaani kwao ameshajulikana.

Tasnifu ni jambo jingine. Faili lilifunguliwa ili mteja ahudumiwe, halikufunguliwa kwa utafiti wako, na tangu 2023 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika. Unahitaji kibali cha maadili ya utafiti na ridhaa ya wahusika. Kwa mtoto, mzazi au mlezi aridhie na mtoto mwenyewe akubali. Tena mteja wako akiombwa ridhaa na wewe ataogopa kukosa huduma, kwa hiyo chagua kundi usilolihudumia.

Ruhusa za kuingia uwandani hushuka ngazi kwa ngazi: barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya na mkurugenzi wa manispaa, kisha kata, kisha mtaa. Hospitali kubwa ina utaratibu wake juu ya huo. Ukichagua Temeke, Ubungo na Kigamboni kwa pamoja, mlolongo wa chini unaurudia mara tatu. Mtu mwenye Jumamosi tu achukue manispaa moja, na barua azifuatilie mwenyewe, kwa sababu barua iliyoachwa masjala inaweza kulala humo.

Ukubwa wa kazi pia uupime. Saa moja ya mahojiano yaliyorekodiwa huchukua saa 4 hadi 6 kuandikwa. Mahojiano 12 ya saa moja ni kama saa 60, hapo hujachambua chochote. Utahoji kwa Kiswahili na tasnifu vyuo vingi inataka Kiingereza: usitafsiri mahojiano yote. Chambua kwa Kiswahili, halafu tafsiri nukuu utakazozitumia, na mtu wa pili azipitie. Marejeo yaweke kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, tangu insha ya kwanza, ni ya bure.

Bajeti: omba mchanganuo wote kwa maandishi, siyo ada ya masomo pekee. Humo kuna usajili, mitihani, usimamizi wa vitendo, utahini wa tasnifu, na ada ya kuongezewa muda ukichelewa, ambayo huwaumiza wa jioni kuliko wa kutwa. Kama bado unadaiwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaendelea kukatwa. Lipa kwa namba ya malipo inayotolewa na chuo, kamwe siyo kwa simu ya wakala wa udahili. Na nakala za tasnifu za jalada gumu usizitoe mapema: mtahini wa nje akirudisha masahihisho, zote unazichapa upya.