Eti nilitaka simu ipike na ugali? Yule jamaa wa Aggrey leo kanivua nguo mbele za watu

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, niko kwenye daladala ya Mbagala nimesimama. Yule jamaa wa simu pale Mtaa wa Aggrey. Mnamjua. Sina haja ya kumtaja, nusu yenu humu kashawaliza.

Jumamosi nilitoa 380,000 taslimu, hela ya mchezo, zamu yangu nimeisubiri miezi 7. Winga, wale wanaovutia wateja madukani, kanidaka kituo cha Gerezani, kanishika mkono mpaka kaunta utadhani anapeleka mgonjwa Muhimbili. Jamaa ananiambia, "Sister, RAM 8 hii, macho manne, ndo habari ya mjini." Nikabeba.

Mazuri yake simu inayo, sikatai. Kioo kipana, betri 5000 mAh, nachaji usiku na kesho yake saa 2 usiku bado nusu. Ila ingia Mipangilio, fungua Kuhusu Simu: RAM, ile memori ya kuendeshea programu, ni 4+4. Ile 4 ya pili inakopwa kwenye memori ya kuhifadhia picha na vitu vingine! Nimetoa taslimu nimeuziwa mkopo. GB 64 nilizolipia, mfumo umeshakula 19 kabla sijapiga hata picha ya mtoto. Macho manne, ziba mawili kwa kidole, picha inatoka vilevile. Kichwa cha chaji boksini hamna, waya tu.

Leo nimerudi kwa adabu zangu zote. Namkuta anakula chipsi mayai. Hakuacha kula! Kachukua simu yangu, na kile kijiti cha kuchomea chipsi, tomato inang'aa nchani, akakichomeka kwenye tundu eti anatoa laini. Tundu lenyewe ni la maiki! Namwambia, kaka, hilo silo. Ndo akainua uso, akaniangalia toka kandambili mpaka mtandio, mbele ya wateja na mawinga wote wa Kariakoo, akasema:

"Sister, kwa vilaki vitatu hivyo ulitaka simu ipike na ugali?"

Duka zima likaangua kicheko. Kuli alikuwa anapita na robota kichwani, alilitua chini ili acheke vizuri.

Vilaki! Ipike ugali! Nani kataja ugali? Mimi nimeuliza RAM! Namwonyesha risiti, ananyooshea kwa kijiti kilekile pale palipoandikwa mali ikishauzwa hairudishwi, kaacha doa la tomato juu ya jina langu. Sasa hivi nikimpigia mama anasema naongea kama nimetumbukia kisimani. Ipike na ugali. Leo silali.

Kidume wa Pwani: Swali dogo tu. Imepika au haijapika?

Temeke Damu: Ulienda na winga halafu unalia? Cha juu cha winga kimo humohumo. Simu hiyo dukani 320,000, hiyo 60,000 umemlipia winga pilau.

Bi Mkubwa: Pole mwanangu. Huyo kijana namjua, mimi nilimwomba kava akaniambia simu yangu ipelekwe makumbusho.

Fundi Waya: Dada, bonyeza *#06# kwanza, angalia kama IMEI, namba ya utambulisho wa simu, inalingana na ya kwenye boksi. RAM ya kukopa siku hizi simu nyingi za bei hiyo zinayo, unaweza kuizima mwenyewe kwenye mipangilio. Hiyo maiki usiichokonoe, utazidi kuusukuma uchafu ndani. Ilete niisafishe kwa brashi na spiriti.

Mwenye uzi: Fundi, nimebonyeza, zinalingana. Simu ni halali, sijasema feki. Nimesema KANIAMBIA IPIKE UGALI.

Kidume wa Pwani: Na mboga je?

Mzee wa Stendi: Shukuru zinalingana. Mimi Juni 2016 TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki, yangu ilikata katikati, namwelekeza dereva aliyebeba mzigo wangu. Mzigo ulizunguka mji mpaka jioni. Na aliyeniuzia aliapa kwa mama yake mzazi.

Mama Mapacha: Afadhali nyie mnaolipa mkamaliza. Mimi nimechukua ya mkopo, 2,000 kila siku. Juzi niko msibani, siku moja tu imenipita, simu ikajifunga. Ndugu wako njiani, siwezi hata kuwaambia maziko saa ngapi.

Temeke Damu: Mama Mapacha, piga hesabu ya mwaka mzima. Hapo unalipa simu mbili, moja huioni.

Mama Mapacha: Nimeipiga, nikaacha kula.

Mzee wa Stendi: Na bando? Mbona bando hamlisemi? Asubuhi naweka GB 1, naangalia video mbili za mpira, saa 5 naambiwa limekwisha.

Mjukuu wa Kilwa: Wakuu, nani ana kitochi chenye redio na tochi kali? Cha bibi, kule umeme unakuja ukijisikia.

Fundi Waya: Ninacho, 25,000, betri mpya. Chaji inakaa siku 4 mpaka 5.

Bi Mkubwa: Baba, hata mimi niwekee kimoja.

Mwenye uzi: Jamani, tomato bado imo kwenye maiki!

Mjukuu wa Kilwa: Pole sana dada. Fundi, hicho kitochi kinaingia laini mbili?