Ati matope ya bahari kuu yanavuta madini kwa maji?

kijana_likoni: Jana kwa feri mzee mmoja kaniambia huko chini kabisa matope yanakamata nikeli na kobalti kutoka kwa maji yenyewe, nikacheka, maji si chumvi tu? Ama ananipiga kamba?

fundi_kizingo: Kweli yakhe. Maji ya bahari yana madini yameyeyuka, kidogo saana. Sasa manganizi, metali moja humo, ikikutana na oksijeni inakuwa kama kutu, chembe ndogo zenye chaji hasi, na ioni (vipande vidogo sana vyenye chaji) za kobalti, nikeli, shaba zina chaji chanya basi zinang'ang'ania hapo kama kupe. Kutu ya chuma nayo inashika yake.

mama_zuu: Ndo yale mawe meusi kama viazi yanayolala juu ya hilo tope? Si meli ya utafiti ya Waingereza, Challenger, iliyaopoa kwa ile safari ya 1872 hadi 1876.

fundi_kizingo: Hayo hayo bibie, yako mita 4000 hadi 6000 chini, na yanakua milimita chache tu kwa miaka milioni 😅

kijana_likoni: Basi nichote tope la mikoko la Tudor hapa Mombasa nitajirike

fundi_kizingo: Wapi! Tope la mikoko halina hewa ndani, ndo maana linanuka vile, manganizi inayeyuka tena inarudi majini.