Ndege ya kivita ya kwanza kwa hewa ya Dodoma: Spitfire, Mustang au nijenge mwenyewe?

Mwana_Nala
Habari zenu wakuu. Narushia ndege za rimoti kwenye mashamba ya upande wa Nala, mavuno yakishatoka. Ile ya mafunzo, ya foamu yenye bawa juu ya kiwiliwili, nimeshaizoea. Naitua ninapotaka bila msaada wa jairo, kile kifaa kinachoisawazisha ndege chenyewe. Sasa nataka ndege ya Vita Kuu ya Pili yenye mabawa ya mita 1.2 hivi. Spitfire naipenda tangu utotoni. Naona njia tatu: Spitfire ya foamu iliyokamilika, P-51 Mustang ya foamu ya ukubwa huohuo, au nijenge mwenyewe kwa balsa, ule ubao mwepesi sana. Bei za hizo mbili za kwanza zinakaribiana. Ardhi yetu mnaijua, udongo mwekundu, mabua, miiba, na mchana upepo. Naomba ulinganisho wa watu wanaorushia huku bara, maana ushauri mwingi ninaousoma ni wa watu wenye kiwanja cha lami.

Fundi_Kizota
Mkuu, kabla ya kulinganisha ndege, tazama hewa. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye joto la nyuzi 30, wepesi wa hewa yetu ni ule ambao rubani angeuhesabu kama mita 1,900. Ukichukua Dar kwenye joto hilohilo, hewa ya hapa ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi. Ndege ileile yenye uzito uleule inakosa unyanyuo ikiwa bado na mwendo ambao Dar ungeibeba. Tofauti ya mwendo ni kama asilimia 7. Kwa ndege ya mafunzo hutaiona. Kwa ndege ya kivita, ambayo bawa lake dogo linabeba mzigo mkubwa, utaiona siku ya kwanza unapokata kona kuja kutua.

Ndiyo maana nauliza uzito kabla ya sura. Pima ndege kwa gramu betri ikiwa ndani, gawanya kwa eneo la bawa kwa desimita za mraba. Kwa mabawa ya mita 1.2 sipendi jibu lizidi 55 hapa kwetu. Ndege nyingi za foamu zinatoka kiwandani zikiwa chini ya hapo, kisha mwenyewe anaongeza taa, betri kubwa na rangi, anashangaa kwa nini haitui vizuri.

Tuje kwa Spitfire. Uzuri wake hakuna anayeubishia. Iliruka mara ya kwanza Machi 1936, na bawa lile la duaradufu mimi bado sijaona la kulifikia. Lakini ncha zake ni nyembamba, na kwenye modeli ndogo ncha nyembamba ndiyo inayotangulia kuacha kunyanyua. Upande mmoja unaanguka ghafla na ndege inabiringika ikiwa chini chini, huna nafasi ya kuiokoa. Kwenye ndege halisi bawa lilipindwa kidogo, ncha ikaelekea chini kuliko shina (pale bawa linapoungana na kiwiliwili), ili shina litangulie na rubani apate dalili mapema. Modeli nzuri zina mpindo huo. Ukiwa dukani, shika bawa ulitazame kutokea ubavuni. Kama ncha na shina viko sawasawa, iache. Halafu kuna miguu. Magurudumu ya Spitfire yanakunjwa kwenda nje, kwa hiyo yakiwa chini yamekaribiana sana. Upepo wa ubavu ukiikuta kwenye mabua, ncha inagusa ardhi na ndege inazunguka.

Miguu ya Mustang imetanuka na inakunjwa kuelekea ndani, na ncha za bawa ni pana zaidi. Kwa Nala hata hiyo miguu ningeing'oa. Uzito unapungua, unairusha kwa mkono, unaitua kwa tumbo. Mustang ina lile tundu la hewa ya kupozea injini tumboni: wakati wa kurusha unapata pa kushika, na wakati wa kutua ndilo linalokwaruzwa badala ya bawa. Libandike selotepu pana yenye nyuzi tangu siku ya kwanza. Zima mota kabla haijagusa chini. Na usiirushe kwa nguvu yote, mota itaipindua kushoto. Weka robo tatu, mtu mwingine airushe, mikono yako yote miwili ibaki kwenye rimoti. Jibu langu ni Mustang.

Bahi_Tambarare
Hoja ya hewa naiunga mkono, ila kuna moja hamjaitaja: P-47 Thunderbolt. Ile halisi ilikuwa kati ya ndege nzito kuliko zote za injini moja katika vita vile, lakini kwenye foamu uzito unaamuliwa na kiwanda. Kinachobaki ni umbo, na umbo lake ni tumbo nene la mviringo lisilo na kitu kinachochomoza, pamoja na bawa pana. Inateleza kwenye vumbi bila kukwama. Lile tundu la Mustang, likikutana na kisiki cha mtama, linang'oka lote. Corsair, ile ndege ya kivita ya Marekani, achana nayo kwa sasa. Bawa lake lilikunjwa ili propela kubwa isiguse chini, na ukiitua bila miguu pale kwenye kona ndipo panapopokea kishindo.

Mianzi_Kondoa
Ndugu zangu, mbona wote mnaenda kwenye 1940? Ndege za kivita ziliruka kwenye ardhi yetu hii hii. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, katika kampeni ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, kikosi namba 26 cha Royal Flying Corps (jeshi la anga la Uingereza wakati huo), cha watu wa Afrika Kusini, kilirusha B.E.2c na Henri Farman, ndege za mabawa mawili. Majeshi ya van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini upande wa Waingereza, yalipigana hapa Kondoa mwezi Mei na kuingia Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huo. Kijana wa Dodoma akijenga B.E.2c anajenga historia ya kwao, na hilo kwangu lina uzito kuliko Spitfire yoyote.

Na si historia tu. B.E.2c ilisanifiwa itulie yenyewe angani ili mtu aweze kupeleleza na kupiga picha. Ulaya utulivu huo uliiponza, haikuweza kukwepa ndege za Fokker. Kwa mtu anayetoka kwenye ndege ya mafunzo, utulivu huo ndio hasa anaouhitaji. Ijenge kwa kipimo cha 1 kwa 8, unapata mabawa ya mita 1.4, na kwa kuwa yako mawili, eneo linazidi desimita 50 za mraba. Ukiimaliza kwa kilo 1.1, hesabu ya Fundi inakupa gramu 22 au chini. Inatua kwa mwendo wa mtu anayekimbia mbio.

Balsa si lazima. Mbao za foamu zenye karatasi pande zote, zile za maduka ya vifaa vya ofisi, zinatosha kwa kiwiliwili na mbavu za bawa. Nguzo kati ya mabawa ni mianzi iliyochanwa na kusuguliwa kwa msasa. Nyaya za kukazia ni mshipi wa kuvulia samaki. Angalieni gundi: supagluu ya kawaida inaila foamu, na rangi ya kopo la kupuliza inaiyeyusha. Tumieni epoksi, au gundi ya kuyeyusha kwa moto lakini kidogo, ni nzito. Rangi iwe ya maji.

Dada_Miyuji
Kaka Mianzi, ndege hiyo ni nzuri na ningependa kuiona, ila upepo umeuruka. Kiangazi hapa kuanzia saa nne asubuhi mambo yanabadilika. Ndege ya gramu 22 kwa desimita ya mraba itarudishwa nyuma huku pua ikitazama mbele. Hizi nzito zinaupasua upepo. Kwa hiyo Mwana_Nala ajiulize anarusha saa ngapi. Kama ni alfajiri hadi saa tatu, B.E.2c inamfaa. Kama ni jioni baada ya kazi, Mustang au P-47.

Kuhusu nguvu: kwa ndege za kivita tafuta wati 300 kwa kila kilo. Hewa nyepesi inapunguza mvuto wa propela, lakini pia inampunguzia mota mzigo, kwa hiyo unaweza kupanda kutoka inchi 9 hadi 10. Fanya hivyo ukiwa na kipima wati mkononi. Ampea zikikaribia kikomo cha ESC (kifaa kinachodhibiti mwendo wa mota), rudi kwenye ile ndogo, kwa sababu joto letu halisaidii kupoza.

Kijana_UDOM
Naomba niingilie. MiG-21, ile ya jeti, modeli inayosukumwa na feni ya ndani, vipi? Ilipigana Vita vya Kagera, na mimi ndiyo ninayoiota.

Fundi_Kizota
Iote, mdogo wangu, lakini si ya kwanza wala ya pili. Bawa la pembetatu linahitaji mwendo mkubwa kutua, feni inamaliza betri kwa dakika chache, na kwenye vumbi inavuta kokoto moja kwa moja hadi kwenye mapanga. Ile inataka lami.

Jambo lingine, na hili ni kwa wote. Chombo chochote kinachoruka bila rubani ndani yake kina taratibu zake TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Pateni kibali kwanza. Dodoma ni makao makuu, kila upande kuna kitu: kiwanja cha ndege mjini, Msalato kaskazini, Mji wa Serikali Mtumba, Ikulu Chamwino. Maeneo hayo kaeni mbali nayo kabisa. Mkipata shamba, mwoneni mwenye shamba na mwenyekiti wa mtaa. Watu wakiona ndege ya kivita inazunguka juu yao bila taarifa, wana haki ya kuogopa.

Mwana_Nala
Nashukuru sana wakuu. Mimi narusha jioni, kwa hiyo Dada Miyuji amenimalizia. Nachukua P-47 bila miguu, na mbao za foamu za B.E.2c nitaanza kuzikata masika, wakati mashamba yamelimwa na hakuna pa kurushia. Spitfire itasubiri. Swali la mwisho: ndugu yangu anasafiri kwa ndege kutoka nje, anaweza kuniletea betri za lipo (lithiamu, za kuendeshea mota)? Na huku nizitunzeje?

Dada_Miyuji
Anaweza, kwenye mzigo wa mkononi, siyo begi linaloingia chini. Ya seli tatu ya mAh 2200 ni kama wati-saa 24, na kikomo cha kawaida ni 100 kwa betri moja. Aulize shirika lake idadi inayoruhusiwa, na kila betri iwe kwenye mfuko wake, ncha zimefunikwa. Huku usiziache ndani ya gari juani hata nusu saa. Usipoirusha kwa siku kadhaa, iache kwenye volti 3.8 kwa seli, sio 4.2. Ikianza kuvimba, usiichaji tena.