Anayebaguliwa akifa mwishoni mwa riwaya, nani kashinda?

Mleta mada
Wadau, nina dukuduku na riwaya zinazosifiwa kwa kupinga ubaguzi. Mbona anayebaguliwa ndiye anayekufa? Katika To Kill a Mockingbird (1960), Tom Robinson, mtu mweusi wa Alabama, anasingiziwa ubakaji. Mkono wake wa kushoto umelemaa, na majeraha ya mlalamikaji yanaonyesha alipigwa na mtu wa mashoto. Anatiwa hatiani hivyo hivyo, kisha anapigwa risasi gerezani. Katika The God of Small Things (1997), Velutha, seremala wa tabaka la chini kabisa, la "wasioguswa", huko Kerala, India, anapendana na binti wa familia yenye jina. Polisi wanampiga mpaka roho inamtoka. Sisi tunalia, tunafunga kitabu, na mpaka waliouweka wabaguzi uko palepale. Msomaji mwenye chuki ataondoka na lipi zaidi ya "si niliwaambia"?

Linganisheni na Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin anamkimbia mume mzee, jamaa zake Wahindi wanamkataa, Mwajuma anampa hifadhi. Anateseka, ndiyo, lakini anaishi.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, hapo sikuungi mkono. Katiba ya India ilipiga marufuku hayo mambo ya kutoguswa tangu 1950, na Velutha anauawa 1969. Sheria ipo, na wauaji ni polisi wenyewe. Ungemwokoaje bila kutudanganya?

Halafu ubaguzi mwingine hauhitaji kirungu. Someni No Longer at Ease ya Achebe. Obi anataka kumwoa Clara, ambaye kwa Waigbo wa Nigeria ni osu, mzawa wa watu waliowekwa wakfu kwa miungu na kutengwa vizazi na vizazi. Baba yake ni katekista, Mkristo wa kweli kweli, lakini anamwambia osu ni kama ukoma machoni pa watu. Mama yuko kitandani, mgonjwa. Anamwambia mwanawe: ukimwoa nikiwa hai, nitajiua. Sasa mama utamshitaki wapi? Mimi ukurasa ule unanitisha kuliko risasi zote za Alabama.

Mchangiaji wa pili
Mnabishania kifo, mimi nauliza nani anasimulia. Habari za Tom tunapewa na mtoto wa wakili wake, Mzungu. Tom mwenyewe tunamsikia kwa kirefu kizimbani tu, tena akijibu maswali ya wengine.

Mleta mada
Basi chukueni Untouchable ya Mulk Raj Anand, 1935. Bakha, msafisha vyoo, anamgusa mtu wa tabaka la juu barabarani kwa bahati mbaya. Anatukanwa mbele ya kundi la watu, anazabwa kofi, na kuanzia hapo anatembea akipaza sauti ili watu wampishe. Siku nzima tumo kichwani mwake, na hafi. Kumbe ukweli unasemeka bila maiti! Ila Anand hakuzaliwa tabaka lile. Mchangiaji wa pili, huyu unamkubali, au naye unamtoa?