Nimelipia bodi za jipsamu za milimita 12, nimeletewa za milimita 9, na siku ya kazi imepotea

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Ninajenga stoo uani kwangu, Kimara, kwa mikono yangu mwenyewe, jioni nikitoka kazini na siku za Jumamosi. Ina urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 2.4, yaani mzingo wa mita 12, na kwa kuwa bodi ya jipsamu ina upana wa mita 1.2, nilihitaji bodi 10 za kusimamisha. Fremu ya mbao nilishaifunga kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya nguzo na nguzo, ambayo bodi ya milimita 12 inaimudu. Bodi ya milimita 9 watu huifunga darini. Ukiiweka ukutani kwa nafasi hiyo inabonyea hata kwa kiwiko, na huo ndio ukuta nitakaoegemeza ngazi, majembe na magunia.

Yote hayo nilimweleza muuzaji siku ya Jumamosi, akaitikia, akapokea fedha, na risiti ya EFD niliyonayo mkononi inasomeka milimita 12. Nilimweleza pia kwamba mimi ni mwajiriwa, kwamba Jumanne ndiyo siku pekee ninayoruhusiwa kufanyia kazi nyumbani, na kwamba saa mbili asubuhi natakiwa kuwa mbele ya kompyuta. Akaahidi mzigo ungefika saa moja.

Kirikuu ilifika saa nane mchana. Kuanzia saa moja hadi wakati huo nilipiga simu saba, na kila mara nikaambiwa gari liko njiani, lipo kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, linakaribia. Lilipofika nilikuwa katikati ya kikao, ikanibidi nikiache ili nifungue geti, na mkuu wangu wa kazi akaniuliza mbele ya wenzangu nilikuwa wapi. Nilirudi kikaoni nikiamini kwamba wapakuaji wangefanya nilivyowaelekeza, yaani kuzilaza bodi ndani, juu ya vipande vya mbao. (Watakaosema fundi angeniepusha na haya wakumbuke kwamba fundi naye husubiri mzigo huohuo, na siku yake ya kusubiri unailipa wewe.)

Nilipotoka saa kumi na moja jioni nilizikuta zimeegemezwa ukutani nje, ncha zikiwa juu ya udongo mbichi, na manyunyu ya vuli yalikuwa yamepita. Jipsamu hunyonya maji kama sifongo. Bodi tatu zilikuwa zimelainika pembeni na karatasi yake imeanza kuachia. Nilipoinua moja ili niiingize ndani nikashangaa wepesi wake, nikachukua rula nikapima: milimita 9. Nikapima zote kumi, zote ni hivyo.

Nilipompigia muuzaji alinijibu, "Dada yangu, bodi ni bodi, wewe piga misumari tu." Bodi hizi hufungwa kwa skrubu, na mtu anayeziuza kila siku anapaswa kujua hilo! Anapaswa kujua pia kwamba akiniachia hizi za milimita 9 itabidi nipunguze nafasi ya nguzo hadi sentimita 40, nitanunua mbao nyingine, na nitabomoa fremu niliyoijenga kwa jioni sita baada ya saa za ofisi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa anayoilipia. Jumamosi asubuhi nitakwenda dukani na risiti, rula na picha za bodi zilizolowana. Nataka bodi 10 za milimita 12, ziletwe kwa gharama yake, katika saa tutakayoiandika na kuitia saini. Akikataa, Jumatatu nitaomba ruhusa kazini, kwa mara nyingine, niyapeleke malalamiko yangu Tume.