Tupeane uzoefu: maumivu ya nyonga kwenye skwati ya chuma

Kocha_Mtaa
Wakuu, uzi huu ni wa wanaopiga chuma na wanaofundisha wengine. Watu wanaacha skwati (kuchuchumaa na kusimama ukiwa na uzito) kwa sababu nyonga inauma, na jimu wanaambiwa "nyoosha viungo, itaisha". Haiishi. Tuweke hapa tunayoyajua kwa vitendo. Ombi moja: sema kwanza panapouma ni wapi, maana "nyonga" kwa watu wengi huanzia kiunoni ikaishia nusu ya paja.

Naanza na ya mbele, kwenye mkunjo wa kinena. Inabana ukifika chini, ukisimama inaachia. Mwulize mtu panauma wapi, atashika ubavu wa nyonga, kidole gumba nyuma na vingine mbele, mkono umekaa kama herufi C. Hapo mara nyingi shingo ya mfupa wa paja inagonga ukingo wa kikombe cha nyonga, yaani shimo ambamo kichwa cha mfupa huo hukaa. Anza na miguu. Weka chuma pembeni, simama upana wa mabega, vidole vitazame nje kidogo, nyuzi 15 hivi, chuchumaa polepole. Kisha sogeza kila mguu nje sentimita 5, geuza vidole hadi nyuzi 30, shuka tena, magoti yafuate vidole. Kuna mkao mmoja utashuka zaidi bila kubanwa. Huo ndio wako, hata kama bingwa unayemtazama kwenye simu anasimama vingine. Vikombe vya nyonga havitazami upande mmoja kwa watu wote, na shingo ya paja nayo imejipinda tofauti. Hata nyonga ya kulia na ya kushoto hazilazimiki kulingana.

Kosa la pili ni kubinua makalio kupita kiasi kabla ya kushuka. Ukifanya hivyo ukingo wa kikombe unainama mbele, mfupa unagonga mapema. Kaza tumbo, mgongo ubaki kwenye mkunjo wake wa kawaida.

Zena_Fizio
Nakazia hapo kwenye kunyoosha. Mtu anabanwa mbele, halafu anavuta goti kifuani eti "analegeza". Anarudia kile kile kinachomuumiza.

Kipimo cha haraka: mtu alale chali, mkunje nyonga nyuzi 90, goti lielekezwe bega la upande wa pili, kisha unyayo usukumwe kwenda nje. Yakiamka maumivu yale yale ya kwenye skwati, kiungo kinashukiwa. Kinashukiwa tu, hakijathibitishwa. Makubaliano ya wataalamu ya Warwick ya mwaka 2016 yanataka vitu vitatu kwa pamoja: dalili, vipimo vya mkono na picha. Watu wengi wana kinundu kwenye shingo ya paja na hawaumwi chochote, kwa hiyo msikimbilie upasuaji kwa sababu ya eksirei peke yake.

Mzee_wa_Pleti
Sahihi kabisa dada Zena.

Nondo40
Mnawalea sana watu. Skwati ni kwenda chini. Kwenye mashindano ya pawalifti (kunyanyua vyuma vizito) mkunjo wa nyonga usiposhuka chini ya sehemu ya juu ya goti, taa nyekundu, refa amekukatalia. Punguza uzito, lakini shuka.

Kocha_Mtaa
Mkuu Nondo, sheria ya mashindano ni ya mashindano. Mtu anayejenga mapaja hana refa. Kina kinapunguzwa kwa muda: weka benchi au kreti ya soda nyuma yake, uongeze vibao mpaka makalio yaguse pale ambapo maumivu bado hayajaanza. Aguse tu, asikae. Wiki mbili zikipita salama, toa kibao kimoja cha sentimita 2 au 3. Atafika chini, ila atafika bila kujiumiza.

Nondo40
Na misuli ya makalio inayofanya kazi chini kabisa nani ataifundisha?

Zena_Fizio
Daraja la nyonga (unalala chali, magoti yamekunjwa, unainua makalio) na kupanda stuli. Hakuna aliyesema makalio yapumzike.

BiChuma
Nyie mmekomaa na ya mbele. Kuna ya pembeni, kwenye lile nundu la mfupa unalolihisi ukipapasa ubavu wa nyonga. Usiku ukilalia upande huo unaamka. Hiyo mara nyingi ni kano za misuli ya makalio, na huwapata zaidi wanawake waliovuka miaka 40. Usiinyooshe kwa kuvuta mguu kuvuka mwingine, kano inagandamizwa kwenye mfupa. Acha kukaa umekunja nne, acha kusimama umeegemea nyonga moja, usiku weka mto katikati ya magoti. Zoezi la kuanzia: simama ubavu kwa ukuta, sukuma ukuta kwa ubavu wa mguu bila kuusogeza, sekunde 30 hadi 45, mara 5. Baadaye tembea kando kwa kando na kipande cha tyubu ya baiskeli juu ya magoti. Kwenye skwati, magoti yasiingie ndani.

dogo_wa_jimu
Na ule mlio wa "ko" mbele ya nyonga bila maumivu?

BiChuma
Kano inaruka juu ya mfupa. Bila maumivu uache. Ukija na maumivu, au nyonga ikikwama kabisa, nenda hospitali.

Kapilipili
Uzi huu umenikumbusha kijana mmoja wa jimu ya mtaani. Kinena cha kushoto kinauma, wenzake wakampa jina la ugonjwa, "misuli imevutika". Akawa anachomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kabla ya siku ya miguu ili aweze kupiga seti zake. Uzito ukaendelea kupanda. Baadaye akaanza kuchechemea, usiku halali, kuvaa soksi ni mpaka asaidiwe. Tena ana selimundu tangu utotoni, na pale jimu hakuna aliyewahi kumuuliza. Walipompiga picha, kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimekosa damu na kimeanza kuporomoka.

dogo_wa_jimu
Duh! Sasa yuko wapi?

Kapilipili
Magongo. Anasubiri madaktari waamue kama atabadilishiwa kiungo.

Mzee_wa_Pleti
Poleni sana. Hizo sindano za kabla ya mazoezi zipigwe marufuku kila jimu.

Zena_Fizio
Hili kila kocha alishike. Selimundu, steroidi za dozi kubwa kwa muda mrefu na pombe nyingi ni miongoni mwa sababu kubwa za mfupa huo kufa. Mwanzoni eksirei inaweza kuonekana safi, picha ya MRI ndiyo huona mapema. Sindano haikuua mfupa, ila ilizima kengele. Mwenye moja ya hayo akiumwa kinena, hakuna skwati mpaka aonwe na daktari wa mifupa. Kwa Dar kuna MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kaskazini kuna hospitali ya KCMC, Moshi.

Wengine wa kusimamishwa siku hiyo hiyo: anayeumwa akiwa amepumzika au usiku, anayechechemea, mwenye homa, aliyeanguka, na aliyeongeza mbio ghafla kisha kinena kinamuuma akirukaruka kwa mguu mmoja. Huyo wa mwisho anaweza kuwa na ufa kwenye shingo ya paja.

Kapilipili
Kwa hiyo mwenye selimundu asiguse chuma?

Zena_Fizio
Sijasema hivyo kaka. Azungumze na kliniki yake, anywe maji ya kutosha, asifanye mpaka aishiwe pumzi, na maumivu ya kinena asiyavumilie hata mara moja.

Nondo40
Hapo naungana nanyi. Turudi kwenye chuma. Anayebanwa mbele aweke baa (chuma kirefu cha kubebea uzito) chini kidogo mgongoni na apanue miguu.

Kocha_Mtaa
Kupanua sawa. Baa ya chini mgongoni hapana, inamfanya ainame zaidi, na kuinama ni kukunja nyonga zaidi. Mpe dambeli aishike kifuani kwa mikono miwili, au baa mbele ya mabega, na kibao cha sentimita 2 chini ya visigino. Kiwiliwili kinasimama, nyonga inapata nafasi. Na avue hizo raba za kukimbilia zenye soli laini.

Nondo40
Wapo wanaopata nafuu kwa baa ya chini. Nimewaona.

Kocha_Mtaa
Wapo, wanaosimama wakiwa wamepanua miguu sana. Basi ajaribu zote mbili kwa uzito mdogo, nyonga yenyewe ichague.

BiChuma
Uzito nao useme unashukaje. Aliyekuwa anabeba kilo 100 aanze na 60, seti 3 za marudio 8, ashuke kwa sekunde 3, atulie moja chini. Maumivu yasizidi 3 kwa kipimo cha 0 hadi 10, na kesho asubuhi yawe yameshuka hadi yalipokuwa kabla ya mazoezi. Yakishuka hivyo, ongeza kilo 2.5 hadi 5 kwa wiki. Yakizidi, rudi hatua moja, usiache kabisa.

dogo_wa_jimu
Sisi tunatumia vyuma vya zege, makopo yaliyojazwa zege kwenye ncha mbili za bomba. Nyonga ya kulia tu ndiyo inauma, ya kushoto haina shida.

Mzee_wa_Pleti
Pima hayo makopo kwanza. Kopo la rangi la lita 4 likijaa zege linatoa kilo 9 hadi 10, kutegemea kokoto na ujazo, kwa hiyo pande mbili zinaweza kupishana kirahisi. Peleka kwenye mzani wa muuza mkaa, andika kilo kwa rangi ubavuni. Likipungua nusu kilo, funga mfuko wa mchanga juu yake kwa waya. Halafu viringisha bomba sakafuni: likiyumba limepinda, na ukilibeba litajizungusha mgongoni liegemee upande mmoja. Tafuta lingine, lenye ukuta mnene.