Mjadala: Ofisi ihamie programu mpya kabla asiyeona hajaijaribu, ni sawa?

Mwanzisha mada, Cheyo, Tabora

Mwangaluka wadau, na nyie wa Kigoma mwakeye. Naombeni mawazo yenu maana hili jambo limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa. Mimi sioni kabisa tangu utotoni, ni karani wa masjala kwenye ofisi moja hapa Tabora, barua zote zinazoingia na kutoka zinapita kwangu. Kompyuta natumia kama nyie ila kwenye nafasi ya macho nina hedifoni, kuna programu inaitwa kisoma skrini, yangu ni NVDA, inanitajia kila nilipofika na kila ninachobonyeza. Mausi siigusi. Kazi yote ni kibodi, vidole naviweka kwenye vile vinundu vya F na J basi naanza.

Sasa mwezi jana tukaletewa sistimu mpya ya kusajili barua na kuombea likizo, inafunguka kwenye brauza, na juu ya hapo wakubwa wanasema leseni za Word zikiisha hazilipiwi tena, wote tunahamia programu ya bure, LibreOffice. Siku ya mafunzo watu wanafurahi, mimi nikavaa hedifoni nikabonyeza Tab, kile kitufe cha kurukia sehemu inayofuata, nikasikia "batani". Tab tena, "batani". Mara nane, batani, batani, haisemi ya kuhifadhi ni ipi na ya kufuta ni ipi. Nikafika kwenye kisanduku cha kuandika nikaambiwa hapa pa kuandika, patupu, haya, niandike nini, jina la aliyeleta barua au tarehe? Na ile kalenda ya kuchagua siku za likizo Tab inaipita kama haipo, imewekwa ya kubofya kwa mausi tu. Nikabahatisha batani ya tano, kumbe ndo ya kufuta, barua aliyokuwa ameisajili mwenzangu ikaondoka. Mkufunzi akanishika bega akasema "usijali dada, wewe utasaidiwa".

Tangu siku hiyo mimi natamka na kijana wa fildi ndo anaandika. Kazi niliyoifanya peke yangu miaka 9.

Swali langu ni hilo la juu. Msimamo wangu nauweka wazi: si sawa, na hela isilipwe mpaka mtu wa kisoma skrini akae na hiyo programu asajili barua moja mwanzo mpaka mwisho bila kushikwa mkono. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo.

Mhasibu, Ipuli

Dada pole sana, ila na upande wa hela usemwe. Ofisi ina watu 40, asiyeona mmoja. Leseni zile ni za kila mwaka tena kwa kila mtu, LibreOffice ni bure, na hela inayobaki ndo mafuta ya gari, ndo karatasi, ndo posho za watu kwenda vijijini. Tukisema kila kitu kimsubiri mmoja, 39 wanakaa. Mi naona apewe leseni yake moja abaki na Word, wengine wahame, na kwenye hiyo sistimu awekewe msaidizi. Hapo ameonewa wapi?

Mdau, Urambo

Namuunga mkono mhasibu. Baba yangu mdogo haoni, barua zake zote tunamsomea sisi nyumbani na hajawahi kulalamika.

Mwanzisha mada

Mdau wa Urambo, baba mdogo mfikishie shikamoo yangu, halafu siku moja mkiwa wawili muulize. Mimi slipu ya mshahara nasomewa na mtu, mkopo wangu wa saccos anaujua mtu. Na hayo ni yangu, ya ofisi je? Masjala inapokea barua za siri, mtumishi anaitwa kwenye nidhamu, mtumishi anaomba ruhusa kwa sababu ya ugonjwa ambao hata mkewe hajamwambia. Mimi ndo nimeapa kutunza siri hizo na kwa sasa kijana wa fildi anazijua kabla yangu. Kijana mwenyewe hana kosa, anaona aibu kuliko mimi.

Mhasibu, kaka yangu, twende kwenye hiyo 40 yako. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea afikishe angalau asilimia 3 ya watumishi wenye ulemavu. Piga hesabu, asilimia 3 ya 40 ni 1.2. Kwa hiyo mimi ni sehemu ya hesabu ya kisheria na bado haijatimia, wala sikuja pale kwa huruma ya mtu. Na nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, kifungu cha 9 kinataja mpaka teknolojia ya habari na mawasiliano, siyo ngazi na milango tu.

Na msinielewe vibaya, vya bure mimi ndo vimenilea. Zamani kisoma skrini kilichosifiwa ni JAWS, kilikuwa kinauzwa mamia ya dola, nani hapa Tabora anatoa hiyo, tukawa tunatumia ile ya majaribio, dakika 40 ikifika unazima kompyuta unaiwasha upya ndo uendelee. Nimeandika barua za kuombea kazi hivyo, dakika 40 nahifadhi, nazima, nawasha. NVDA ilianza 2006, aliyeianzisha ni Michael Curran wa Australia, haoni, akaungana na James Teh, naye haoni, wakaitoa bure dunia nzima. Kwa hiyo ugomvi wangu haupo kwenye bei. LibreOffice ya sasa barua inaandikika vizuri tu, nimejaribu nyumbani, ninapokwama ni kwenye majedwali makubwa. Sasa mngeniuliza ningewaambia hayo! Hakuna aliyeniuliza.

Na hili siyo geni duniani. Jimbo la Massachusetts kule Marekani mwaka 2005 liliamua nyaraka zake zihamie mfumo wa wazi wa OpenDocument, yaani feili zisizofungwa kwa programu ya kampuni moja, kuanzia Januari 2007, nia nzuri kabisa, serikali isifungwe na kampuni moja. Watumishi wasioona na wenye ulemavu mwingine wakasema subirini, OpenOffice, programu ya bure ya kufungulia feili hizo, kwa wakati ule haielewani na visoma skrini vyetu. Kelele ikawa kubwa. Mwisho jimbo likawaachia watu Word yao na kuweka kiongezo cha kufungua na kuhifadhi hizo feili za wazi, na Desemba 2006 kampuni ya IBM wakatangaza IAccessible2, yaani njia ya programu kumwambia kisoma skrini hiki ni nini na kiko katika hali gani, ambayo baadaye LibreOffice nayo ikaitumia kwenye Windows. Ninachotaka mkione hapo ni kwamba wasioona walisema kabla ya tarehe ya kuhama, ndo maana kulikuwa na cha kurekebisha. Sisi tumeambiwa siku ya mafunzo, chai na maandazi mezani.

Fundi mifumo, Tabora mjini

Nimesoma nikaumia kidogo kwa sababu sistimu ninazotengeneza ziko hivyohivyo. Sikuwahi kufikiria. Batani zangu ni ikoni tu, kidiski cha kuhifadhi, pipa la kufuta, penseli ya kuhariri, nikijua kila mtu anaelewa. Naomba kueleweshwa mambo mawili dada. Kwanza nirekebishe nini hasa. Pili mjue mteja akija bei anaishusha mpaka unabaki na hela ya bando, ukimwambia ongeza wiki mbili za kupima na kisoma skrini anakwenda kwa mwingine.

Mwanzisha mada

Asante kwa kusema kweli kaka. Kisoma skrini hakioni picha, kinauliza programu "hapa pana nini" na programu inajibu. Ikoni ya pipa isipopewa jina kwenye kodi, yale maandishi ya ndani ya programu, jibu linakuwa batani, basi. Ukiipa jina Futa barua nasikia Futa barua, na hilo jina kwenye skrini halionekani wala halikuharibii urembo wako. Ni mstari mmoja. Visanduku vya kuandika vilevile, lile neno Tarehe umeliandika pembeni wewe unaliona liko karibu, mimi ujirani wa kwenye skrini sina, lazima uliunganishe na kisanduku chake. Halafu batani iwe batani ya kweli, siyo kiboksi kilichopakwa rangi kikafanana na batani, maana hicho Tab haisimami.

Kupima anza hivi: chomoa mausi, weka pembeni. Fanya kazi nzima kwa kibodi. Ukimaliza pakua NVDA, bure, zima skrini ya monita, rudia. Hizo wiki mbili ni za mtu aliyekwishamaliza kujenga ndo anarudi kubomoa, ukianza nalo mwanzo haufiki huko.

Mwalimu, Kasulu

Mwakeye wote. Mmeongelea sistimu lakini huku kwetu kinachotumaliza ni nyaraka. Nina mwalimu mwenzangu haoni, kompyuta anaijua kuliko mimi. Waraka unachapwa kwenye Word, unaprintiwa, unasainiwa, unagongwa muhuri, unaskaniwa, ndo unatumwa kwenye kundi la WhatsApp kama pidiefu. Anaufungua, kimya. Ile ni picha. Hiyo NVDA ina namna ya kuisoma picha lakini muhuri ukipita juu ya maandishi kinachotoka ni uji. Na ile feili ya Word iliyokuwa inasomeka vizuri ipo kwenye mashine ya katibu muhtasi! Ingetumwa pamoja na hiyo ya muhuri ingegharimu nini?

Jingine alinionyesha mwenyewe, akanipa hedifoni nisikilize. Waraka wa Kiswahili kabisa, lakini aliyeuchapa aliacha lugha ya Word kwenye Kiingereza, basi kisoma skrini kikabadili sauti kikausoma kwa matamshi ya Kizungu, "walimu wote" nilirudia mara tatu sikuelewa. Tulipochagua maandishi yote tukaweka lugha ni Kiswahili ikaja ile sauti ya kompyuta inayoitwa eSpeak, kavu kama bati lakini Kiswahili chake kinaeleweka. Sekunde kumi. Na vichwa vya habari, watu wanakoleza wino na kukuza fonti wanadhani wameweka kichwa, kumbe bila ile staili ya Heading kwake ni aya kama aya nyingine, ripoti ya kurasa 60 anaisikiliza yote kutafuta jedwali moja.

Mdau, Urambo

Nimempigia baba mdogo. Kasema yapo mambo yake hakuyaandika maisha yake yote kwa sababu hakutaka tuyasome. Sikulijua hilo. Naondoa niliyoyasema juu.

Fundi mifumo, Tabora mjini

Nimechomoa mausi. Nimekwama ukurasa wa kwanza kabisa wa kuingia. Neno la siri nimekosea makusudi, ujumbe wa kosa unatokea juu kwa rangi nyekundu, NVDA haikusema chochote, ningekaa pale mpaka kesho nikidhani mtandao uko chini. Hii sistimu ipo kwa mteja tangu mwaka jana.

Mhasibu, Ipuli

Kwenye hoja ya siri za masjala nimekubali, hilo sikulifikiria na mimi mwenyewe nisingependa. Ila bado nauliza kama mtu wa malipo, sistimu imeshaletwa, fundi ameshatajiwa bei, nani analipia marekebisho? Ukimrudishia bure atagoma, ukimlipa, mkaguzi atauliza umelipia kazi ileile mara mbili.

Mwanzisha mada

Hilo swali ni la haki kaka. Kwetu malipo ya mwisho hayajatoka, kwa hiyo juzi nimemwandikia mkuu wa ofisi barua, nimeichapa mwenyewe, nikiomba hiyo awamu ishikwe mpaka nisajili barua tatu na kuomba likizo moja kwa kibodi mbele ya fundi. Jibu bado. Kwa zijazo mi naona iandikwe kwenye mkataba kabla ya sahihi, kwamba kazi haijapokelewa mpaka inafanyika kwa kibodi na kisoma skrini, na anayepima ni mtumishi asiyeona wa ofisi hiyo au wa ofisi jirani, siyo fundi kujipima. Kama kuna aliyewahi kuona kipengele cha namna hiyo kwenye mkataba wowote alete maneno yake hapa, lakini tafadhali yaandike, usiniwekee picha.